TAHARIRI: Somo la Hiari Halichaguliwi kwa Uvumi

 

Zipo takwimu ambazo kila zinapotajwa mimbarini waumini huguna kwa huzuni. Mwezi Novemba 2006 kamati iliyoongozwa na Jaji Rajinder Sachar iliikabidhi Serikali ya India ripoti kuhusu hali ya kijamii, kiuchumi na kielimu ya Waislamu wa nchi hiyo. Kwa sensa ya 2001 Waislamu walikuwa asilimia 13.4 ya wananchi wote wa India. Lakini miongoni mwa maafisa wa Utumishi wa Utawala walikuwa asilimia 3 tu, katika Utumishi wa Mambo ya Nje asilimia 1.8, na katika Utumishi wa Polisi asilimia 4. Hotuba nyingi huishia hapo, na msikilizaji hurejea nyumbani akiamini kwamba mlango ulifungwa usoni mwa ndugu zake.

Ripoti hiyo hiyo ina nusu ya pili ambayo husomwa na wachache. Kamati ilitazama mitihani ya kuingia katika utumishi huo ya mwaka 2003 na 2004, ikaona kwamba Waislamu walikuwa asilimia 4.9 tu ya watahiniwa wa mtihani wa kuandika, na kwamba wale waliofanya mtihani walifaulu kwa kiwango kinachokaribiana na cha watahiniwa wengine. Hatusemi kwamba hapakuwa na dhulma. Ripoti yenyewe imeeleza kwa kirefu umaskini, uhaba wa shule katika maeneo ya Waislamu na watoto wanaoacha masomo mapema. Tunachosema ni kwamba, kwa ushahidi huo, aliyefika mbele ya karatasi ya mtihani alikuwa na nafasi sawa na jirani yake. Upungufu mkubwa ulikuwa katika idadi ya waliofika.

Sasa basi, kijana akiamua kufika, jambo la kwanza analoulizwa si kama amejiandaa kwa hisabati au kwa insha. Huulizwa: umechukua somo gani? Swali hilo linaonekana dogo, na hujibiwa kwa haraka barazani baada ya Isha. Mwezi huu tumeona tulizungumzie kwa kirefu, kwa sababu mfano wa India umeandikwa vizuri na kila hatua yake inaonekana, na kwa sababu namna ya kujibu swali hilo kwa kusikiasikia haiko India peke yake.

Kwanza tueleze mtihani wenyewe. Huendeshwa kila mwaka na Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, nao una ngazi tatu: mchujo wa maswali ya kuchagua majibu, Mtihani Mkuu wa kuandika, kisha usaili wa ana kwa ana. Katika mtihani wa mwaka 2023 walioomba walikuwa watu 1,016,850. Waliofanya mchujo walikuwa 592,141. Waliovuka kwenda Mtihani Mkuu walikuwa 14,624, walioitwa kwenye usaili 2,855, na waliopendekezwa kuajiriwa 1,016. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba katika kila watu elfu moja walioketi kwenye mchujo hawakufika wawili waliopata kazi.

Katika Mtihani Mkuu kuna insha yenye alama 250, na karatasi nne za maarifa ya jumla zenye alama 250 kila moja, ambapo moja kati ya hizo inahusu maadili na uadilifu. Zipo pia karatasi mbili za lugha ambazo mtu hana budi kuzifaulu ingawa alama zake hazihesabiwi. Kisha linakuja somo la hiari: karatasi mbili, alama 500. Ukijumlisha na alama 275 za usaili, mtihani wote una alama 2,025. Hivyo takriban robo ya hukumu yote iko mikononi mwa somo ambalo mtahiniwa amelichagua mwenyewe. Mengine yote amepangiwa.

Orodha ya kuchagulia ni ndefu. Kuna taaluma 25, kuanzia kilimo, sheria, historia, falsafa na hisabati hadi udaktari wa binadamu na wa mifugo, na kuna fasihi za lugha 23. Kila mtu huchukua moja. Mtahiniwa wa kundi la jumla ana majaribio sita, naye hatakiwi kuvuka umri wa miaka 32. Makundi yaliyotambuliwa kisheria kuwa yamebaki nyuma hupewa nafasi zaidi, na baadhi ya jamii za Waislamu zimo katika orodha ya makundi hayo. Lakini hata majaribio tisa huisha. Tunazungumzia miaka bora ya ujana, na mara nyingi tunazungumzia shamba la baba lililouzwa ili mtoto akapange chumba Delhi.

Ni vyema ifahamike kwamba uzito wa masomo katika mtihani huu haujawahi kupangwa kwa bahati. Asili yake ni kamati iliyoongozwa na Macaulay mwaka 1854, iliyopendekeza kwamba maafisa wa kuitawala India wapatikane kwa ushindani badala ya kuteuliwa na wakubwa wa Kampuni. Mtihani wa kwanza ulifanyika London mwaka 1855. Katika mpango wa kamati hiyo Kiyunani kilipewa alama 750 na Kilatini 750, ilhali Kisanskriti na Kiarabu kila kimoja kilipewa 375. Mtu angedhani kwamba anayekwenda kukusanya kodi na kuamua kesi za watu wa Bengal angehitaji lugha zinazosomwa na wanazuoni wao kuliko lugha ya Wayunani wa kale. Lakini mizani ile ilipimwa kwa kijana wa Oxford na Cambridge, na ndiye iliyemfaa. Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, alilazimika kuvuka bahari hadi London, akafaulu mwaka 1863. Mtihani huo ulianza kufanyika India pia mwaka 1922 tu.

Hata hivyo kamati hiyo ilisema jambo moja ambalo hatuna sababu ya kulikataa kwa kuwa tu limesemwa na mkoloni. Ilitaka alama zitolewe kwa namna ambayo ujuzi wa juujuu katika masomo mengi usimpe mtu ushindi juu ya yule aliyezama katika machache. Miaka zaidi ya 160 imepita, na karatasi ya somo la hiari bado inampima mtu hivyo.

Mizani imebadilishwa mara nyingi tangu wakati huo, na mabadiliko yanayotuhusu zaidi ni ya mwaka 2013. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1979, mtahiniwa alichukua masomo mawili ya hiari yenye alama 600 kila moja. Katika miaka ya mwisho ya utaratibu huo alama 1,200 kati ya 2,300 zilitokana na masomo ya kujichagulia, yaani zaidi ya nusu. Mwaka 2013 masomo mawili yakawa moja, na nusu ikashuka hadi robo. Katika mabadiliko hayo hayo fasihi za Kiarabu, Kiajemi, Kipali na baadhi ya lugha za kigeni ziliondolewa katika orodha.

Tufikirie maana yake kwa kijana aliyesoma madrasa miaka minane, kisha akaongeza shahada katika chuo kama Aligarh au Jamia Millia Islamia, vyuo vinavyotambua vyeti vya baadhi ya madrasa. Kiarabu kilikuwa mtaji wake. Hakuhitaji tuisheni ya nahau. Mwezi Machi tangazo likatoka, na mtaji ule ukawa hauna soko. Tangazo lilitaka pia fasihi ya lugha yoyote ichukuliwe na wale tu walioisoma katika shahada zao. Likazuka zogo Bungeni, na sharti hilo likaondolewa kabla mwezi haujaisha. Kiarabu na Kiajemi havikurudi.

Wapo waliolitazama jambo hilo kama hila dhidi ya Waislamu. Sisi hatuoni kwamba ushahidi unatosha kusema hivyo, kwani Kipali, lugha ya vitabu vya Mabudha, nacho kiliondoka, pamoja na Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na Kichina. Kilicho wazi ni kwamba aliyekuwa akimshauri mdogo wake kwa kanuni za mwaka 2012 alimpoteza. Kila mwaka Tume hutoa tangazo lake, na tangazo la mwaka husika ndilo linalofaa kusomwa kabla ya maneno ya mjomba aliyefaulu zamani.

Tuje sasa kwenye uvumi. Katika mitaa ya Delhi ambako watahiniwa hukusanyika kwa maelfu, kila msimu huwa na somo lake. Husemwa kwamba somo fulani linatoa alama, kwamba jingine ni fupi, kwamba la tatu linaingiliana na maarifa ya jumla na hivyo mtu anaua ndege wawili. Utawala wa umma ulikuwa miongoni mwa masomo yaliyokimbiliwa sana katika miaka iliyotangulia 2013, kisha baadaye umati ukapungua na kuhamia kwingine. Falsafa husifiwa kwa ufupi wa silabasi yake. Ni kweli silabasi ni fupi. Lakini ufupi wa silabasi haumsaidii mtu ambaye akili yake haitulii katika hoja za kufikirika, na maswali ya somo fupi hulazimika kuchimba chini zaidi.

Wengine huja na takwimu, na hapa patahitaji uangalifu. Tume huchapisha katika taarifa zake ni wangapi walichukua kila somo na wangapi kati yao walipendekezwa. Mtu husoma, akaona somo moja lina kiwango kikubwa cha kufaulu, akalikimbilia. Tuchukue mfano wa kufikirika: somo moja limechukuliwa na watu 20 na wawili wamepita, jingine limechukuliwa na watu 2,000 na 160 wamepita. La kwanza lina asilimia 10, la pili asilimia 8. Je, la kwanza ni rahisi zaidi? Angekosa mmoja tu, lingeshuka hadi asilimia 5. Isitoshe, lazima tuulize ni nani walioketi. Wanaochukua udaktari wa binadamu ni madaktari. Kufaulu kwao hakuwi hoja kwa mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha viungo vya mwili. Takwimu ya somo inazungumzia watu waliolichukua, nayo haikujui wewe.

Tuwatazame baadhi ya walioshika nafasi ya kwanza, kwa kuwa habari zao ziko wazi. Shah Faesal wa Kashmir, aliyeongoza katika mtihani wa 2009, alikuwa daktari wa tiba. Hakuchukua udaktari. Alichukua utawala wa umma na fasihi ya Kiurdu. Shubham Kumar, wa kwanza mwaka 2020, alisomea uhandisi wa ujenzi katika taasisi ya teknolojia ya Bombay, akachukua anthropolojia. Shruti Sharma, wa kwanza mwaka 2021, alichukua historia, somo alilokwisha kulisoma chuoni, na alijiandaa katika kituo cha bweni cha Jamia Millia Islamia, ambacho tangu 2010 kimekuwa kikiwafundisha bila ada wanawake, watu wa jamii ndogo za kidini na wa matabaka ya chini. (Ndugu zetu wanaodhani taasisi ya Waislamu haiwezi kuwanufaisha wengine walitazame hilo.) Aditya Srivastava, wa kwanza mwaka 2023, alikuwa mhandisi wa umeme na akabaki na uhandisi wa umeme. Anayetafuta humo kanuni ya kwamba chukua somo la shahada yako, au liache, hataipata.

Kwa vijana wa Kiislamu wa kaskazini mwa India mtego mwingine ni fasihi ya Kiurdu. Kijana anakizungumza nyumbani, anakisikia msikitini, basi anaona alama zile 500 ziko mfukoni. Afungue silabasi. Humo atamkuta Mir na Ghalib, atamkuta Iqbal na Faiz, na atawakuta pia Premchand na Firaq, ambao hawakuwa Waislamu. Atadaiwa historia ya lugha, matawi yake na mikondo ya uhakiki. Hilo ni somo la fasihi kama fasihi nyingine. Mtu aliyelelewa katika ushairi huo na anayeweza kuandika kurasa juu ya beti mbili atafaidika nalo sana. Yule ambaye Kiurdu chake kinaishia sokoni na kwenye mawaidha atashangaa. Aidha asisahau kwamba ingawa Mtihani Mkuu unaweza kuandikwa kwa Kiurdu, maswali ya mchujo hutolewa kwa Kihindi na Kiingereza tu.

Halafu wapo wauza tuisheni. Hatuwalaumu wote, kwani wamo walimu wema. Lakini kituo cha tuisheni hupendekeza somo ambalo kina mwalimu wake na vitini vyake, na muuza viatu hajawahi kumshauri mtu atembee peku. Biashara hiyo imekuwa kubwa kuliko nafasi inayostahili. Mwezi Julai 2024, katika mtaa wa Old Rajinder Nagar jijini Delhi, watahiniwa watatu walikufa maji katika chumba cha chini ya ardhi kilichotumiwa kama maktaba ya kituo kimojawapo, baada ya mvua kubwa kukifurika. Vijana wale walikuwa wameacha makwao ili wakasome. Anayedhani kuchagua njia ya mtihani huu ni mchezo na awakumbuke.

Huku kwetu Tanzania usaili wa ajira za serikali huwa na mchujo wa kuandika, lakini hauna somo la hiari la namna hiyo. Uchaguzi wetu hutangulia mapema zaidi, mtoto anapomaliza kidato cha nne na kutakiwa kuingia katika tahasusi. Na nani huchagua? Mara nyingi ni baba aliyesikia kwamba sayansi ndiyo yenye kazi, au mama aliyeona mtoto wa jirani amekuwa mwanasheria. Wazee wa msikiti nao huitwa kushauri, na kwa nia njema husema waliyoyasikia. Kushauriana ni jambo tulilofundishwa, na istikhara ni rehema. Lakini mashauriano huhitaji mtu anayejua jambo linaloshauriwa, na istikhara haikuletwa ili kuziba nafasi ya kusoma silabasi. Mzee anayetaka kumsaidia kijana kwa dhati anaweza kumnunulia vitabu, kumtafutia mtu aliyelisoma somo hilo, na kumwachia kijana neno la mwisho, maana ndiye atakayeketi nalo usiku.

Kwa mtahiniwa wa India jaribio lipo, na halina gharama kubwa. Silabasi za masomo yote na karatasi za mitihani iliyopita zimewekwa wazi na Tume kwa yeyote. Achague masomo mawili au matatu yanayomvuta, ayape kila moja wiki mbili za kusoma kwa dhati, kisha achukue karatasi ya zamani na aketi saa tatu bila kuinuka, aandike kwa mkono wake kama atakavyoandika siku ya mtihani. Majibu ampe mwalimu wa chuo asiyemfahamu. Aangalie pia kama vitabu vya somo hilo vinapatikana katika lugha atakayoandikia, kwa sababu wapo waliochagua vizuri kisha wakajikuta wanatafsiri badala ya kusoma. Somo ambalo baada ya saa tatu bado alikuwa na la kuongeza linastahili kufikiriwa. Lile aliloanza kutazama saa baada ya dakika arobaini, hata kama mtaa mzima unalisifu, aliache.

Na akishachagua, asiliache kwa sababu ya kuanguka mara moja. Tume humpa mtahiniwa alama zake za kila karatasi. Wapo wanaoshindwa, wakalilaumu somo la hiari, wakaanza jingine upya na kupoteza mwaka, ilhali karatasi ya alama inaonyesha kwamba kilichowaangusha ni insha, au ni ile karatasi ya maadili waliyodhani haihitaji kusomwa. Aiweke karatasi hiyo mezani, mbele ya wazazi wake, na waisome pamoja mstari kwa mstari kabla ya fomu ya mwaka unaofuata kujazwa.